Maandazi ya Kuombea Shule

Enzi zetu pale Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, na wenzangu mliokulia huko mtanishuhudia, shule haikuchaguliwa. Unakaa wapi? Basi hiyo ndiyo shule yako, kwisha maneno. Yetu ilikuwa ndogo, ya matofali, juu ya kilima. Saa tano asubuhi harufu ya viazi vya kuchemsha ilishafika darasani, na kwenye korido soksi za sufu zilikauka juu ya hita, zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Barafu ikishika, tulishuka kile kilima tumekalia vipande vya boksi. Watoto wa leo wakiona theluji wanaipiga picha, kisha wanarudi ndani.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu, Tuula, mtoto wa Kifini aliyekaa ng'ambo ya njia ya baiskeli. Tulianza darasa la kwanza siku moja, wote wawili Kiswidi hatukijui, tukajifunza kwa kuoneshana vitu kwa vidole. Siku asiyokuja, sikufungua mdomo mpaka narudi nyumbani. Ndiyo maana ile barua ilinimaliza.

Ilikuja majani yakipukutika. Watoto wamepungua, shule itafungwa, wanafunzi watagawanywa kwenye shule mbili kubwa. Ndani mlikuwa na ramani, na mstari mwekundu umepita juu ya njia ya baiskeli. Mimi huku, Tuula kule. Niliufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho wa karatasi.

Wazazi waliitwa mkutanoni Alhamisi jioni. Baba, aliyekuja Stockholm kusomea uhandisi, alivaa tai. Mama alishinda jikoni. Alipotoka na beseni la maandazi limefunikwa kanga, baba alishtuka.

"Mama Zaina, unapeleka wapi hayo? Hawa watasema tunawahonga!"

"Mimi siendi kuomba mikono mitupu," mama akasema. "Sikulelewa hivyo."

Njia nzima baba alitutangulia hatua kumi, mimi na mama nyuma na beseni.

Bwana wa ofisi ya elimu alikuwa bado anaeleza hesabu ya madarasa, mama akanyanyuka. Akaenda mbele, akaliweka beseni juu ya ramani, akafunua. "Kwanza kuleni," alisema kwa Kiswidi chake cha kuokoteza. "Halafu mwanangu na mwenzake msiwatenganishe."

Yule bwana alirudi hatua moja nyuma, uso umemwiva. Akasema mtumishi wa ofisi hapokei kitu kwa mzazi, tafadhali aliondoe. Mama hakuliondoa. Baba aliangalia viatu vyake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea aibu mama yangu.

Ndipo kiti kikakwaruza nyuma. Alikuwa mama yake Tuula, aliyefanya kazi ya kuosha mabasi, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akiongea. Alitembea polepole mpaka mbele, akachukua andazi, akauma, akatafuna sote tukimtazama.

"Iliki," akasema. "Kama kwetu." Kisha akamgeukia yule bwana. "Na mimi naomba hilo hilo."

Wazazi wengine wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Beseni lilipokwisha, ramani ilikuwa na doa kubwa la mafuta.

Baada ya wiki mbili ilikuja barua nyingine. Mstari haukusogea hata kidogo. Nililia, na mama alilia jikoni akidhani simsikii. Jumapili mama Tuula alituletea beseni letu, tulilolisahau ukumbini, limejaa mikate ya iliki. "Huyu naye kalelewa," mama akasema. Tulipotenganishwa, kila alasiri mimi na Tuula tulikutana kwenye njia ya baiskeli, theluji magotini, kila mmoja akisimulia ya shule yake mpaka tuitwe kula.

Siku hizi hakuna mstari. Mjukuu wangu alichaguliwa shule kwenye simu, kama viatu. Kwenye ngazi ya jengo letu wapo watoto watatu wa rika moja, na kila mmoja ana shule yake na treni yake. Juzi nilimuuliza mtoto wa mlango wa pili yule mwenzake wa ghorofa ya juu anaitwa nani. Alinijibu kwa Kiswidi kwamba hajui, macho hayakutoka kwenye simu.

Leo asubuhi nimekanda unga, nikatia iliki. Nimesimama mbele ya mlango wa pili, beseni limefunikwa kanga ya mama, na umri wangu huu wote naona haya kubonyeza kengele. Mama asingesita.