Sufuria ya Mtu Mmoja

Mama Mwiko alistaafu Ijumaa, Jumatatu akaunguza mchuzi.

Tena aliunguza vibaya, mpaka jirani akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna nguo iliyoangukia jikoni. Hebu fikiria aibu hiyo! Mwanamke aliyelisha shule nzima ya bweni tangu ana meno yake yote, leo anaulizwa na jirani kama anachoma matambara. Alijibu kwamba hakuna neno, akafunga mlango, akaigeukia sufuria na kuitazama kwa jicho ambalo wanafunzi wake wangelitambua hata gizani.

Sufuria yenyewe ilikuwa zawadi. Siku ya kumuaga, mwalimu mkuu alisimama, akakohoa, akasema shule haina cha kumlipa ila inampa ile sufuria ya chuma aliyokuwa akiwapikia walimu. Nyeusi, nzito, na mfuniko wake ukikuangukia mguuni utachechemea mwezi mzima. Mama Mwiko alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Kwake yeye kile kilikuwa kisufuria tu. Jikoni kule alizoea masufuria ya kuogeshea ndama, akiyakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, ndiyo maana watoto wakampa jina lile. Hii ya walimu ilikuwa ndogo kuliko zote, basi akaona itamfaa sana mumewe nyumbani. Alisahau kwamba walimu walikuwa ishirini na ushee.

Sasa tia nyama ya chakula cha mchana cha nyumba ile ndani ya sufuria ile uone! Vipande vinakaa mbalimbali kama watu waliogombana. Ukitia maji kidogo yanakauka kabla hujageuka, ukitia mengi huo si mchuzi tena, ni maji yaliyooshewa nyama. Chumvi ndiyo usiseme, maana mkono wake ulizoea kutia kwa konzi. Na siku akiijaza ili ipike sawasawa, wanakula chakula kilekile kesho na keshokutwa, mpaka kinaanza kuchacha.

Mumewe hakusema kitu. Alikuwa fundi redio, na watu wote walimwita Fundi, mkewe akiwamo. Karakana yake ilikuwa hapohapo sebuleni: redio mezani, redio dirishani, redio zilizofumuliwa matumbo zimerundikwa juu ya kiti cha pili. Yeye alikaa kiti cha kwanza. Akiletewa chakula husukuma nyaya pembeni, hula kidogo, husema, "Ahsante, bibie, nimeshiba," kisha hushika bisibisi. Sahani inarudi jikoni na nusu ya chakula.

Nusu! Kwa mpishi hilo ni tusi. Kule shuleni Mama Mwiko alikuwa akisimama kwenye mlango wa bwalo na upawa mkononi, akitazama sahani zinavyorudi. Mtoto aliyerudisha chakula alijua ataulizwa. Basi na nyumbani alisimama vilevile, mlangoni, upawa mkononi, akimtazama Fundi anavyotafuna. Fundi akimeza, naye anameza mate.

"Kina kasoro gani?" anauliza.

"Hakina kasoro."

"Mbona hukimalizi?"

"Nimeshiba, nimekwambia."

Mtu hashibi vijiko vinne. Mama Mwiko alijua kuna jambo, lakini alilijua kwa moyo tu, hakuwa na ushahidi. Ushahidi aliupata alipokwenda sokoni kununua vitunguu. Alipita nyuma ya vibanda vya mamalishe, na huyo hapo mzee wake! Ameketi kwenye benchi katikati ya fundi viatu na dereva wa teksi, kola imefunguliwa, anafuta sahani kwa kipande cha mkate, tena anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mama Mwiko hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona akicheka na chakula mdomoni.

Hakumwita. Alirudi nyumbani bila vitunguu, damu inamchemka. Loo! Yeye ashindwe na mama wa kibandani, anayesuuza sahani zote kwa ndoo moja ya maji tangu asubuhi? Ng'o! Kosa halikuwa la mkono wake. Mkono ulikuwa uleule uliolisha watoto mpaka wakawa madaktari. Kosa lilikuwa la sufuria. Atanunua ndogo, apike chakula kinachostahili, na mzee atashika adabu.

Fundi aliporudi akamkuta anafunga kilemba.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Kununua sufuria."

"Nyingine? Mchagua jembe si mkulima, bibie."

Alidhani anatania, masikini. Mkewe alimtazama namna ambayo ilimfanya ashike redio iliyokuwa karibu na kuanza kuitengeneza, ingawa ilikuwa nzima.

Kwenye duka la vyombo, sufuria za chuma zilipangwa kutoka kubwa hadi ndogo, mfuniko juu ya kila moja. Muuza duka alikuwa binti mwenye maneno mengi na kucha ndefu.

"Karibu, mama. Unataka ya ukubwa gani?"

"Ukubwa unaotosha."

"Mko wangapi nyumbani?"

"Mmoja."

"Unaishi peke yako?"

"Nina mume."

Binti akakunja uso. "Sasa mume na wewe si wawili?"

"Nakupa hesabu ya wanaokula. Anakula mmoja."

"Na wewe huli?"

"Mimi mpishi," Mama Mwiko alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. "Mpishi hahesabiwi."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa jikoni kule shuleni. Idadi ililetwa kila alfajiri: wanafunzi kadhaa, walimu kadhaa, wagonjwa wa uji kadhaa. Wapishi hawakuwamo. Wao walikula bwalo likishafungwa, wamesimama, wakikwangua ukoko kwa vidole na kusema shibe ya mpishi ni harufu. Nyumbani nako aliondoka kabla ya jua, akiacha chakula kimefunikwa. Fundi alikula na binti yao, mpaka binti akaolewa mbali. Mama Mwiko alirudi jioni, ameshajionjesha huko, akaosha vyombo akalala. Maisha yao yote yakapita hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Binti wa duka alichukua sufuria ya pili kutoka mwisho. "Chukua hii, mama. Hiyo ndogo kabisa ni ya uji wa mtoto. Viazi vinne tu mfuniko haukai."

"Nimeanza kupika mama yako akiwa anatambaa. Nipe ndogo."

Akapewa. Mteja mfalme.

Ewe msomaji, kama hujawahi kupigana na sufuria, njoo uone. Viazi vilitokeza vichwa juu kama watoto ndani ya beseni. Mfuniko ukakaa upande. Mchuzi ukapanda, ukamwagika, ukazima jiko. Akawasha tena. Akatia mwiko wake mrefu, sufuria ikainama nusura imwage kila kitu. Akautupa mwiko ule, ule uliompa jina, akakoroga kwa kijiko cha chai huku akitukana kimoyomoyo watu wote waliowahi kutengeneza vyombo. Akapunguza viazi, akapunguza nyama, akatia chumvi kwa ncha za vidole viwili. Jasho likamtoka kuliko siku za mitihani ya taifa.

Lakini chakula kilikubali! Mchuzi mzito, nyama imelainika, harufu imejaa mpaka uani. Kilijaa sahani moja, barabara, hakikubaki hata tone. Akakipeleka sebuleni kama mtu anayepeleka kombe, akarudi nyuma akasimama mlangoni na upawa wake.

Fundi alikula kijiko kimoja, akafumba macho. Akala cha pili. Kisha akamwona mkewe pale mlangoni, akaweka kijiko chini.

Hapo uvumilivu ukamwisha Mama Mwiko. "Hata hiki? Hata hiki, Fundi? Basi nenda! Nenda kibandani kwako! Unadhani sijakuona? Nimekuona unalamba sahani ya watu kama mtu asiye na kwao! Ana nini yule mama ambacho mimi sina?"

Fundi alijifuta mdomo. Hakukana.

"Hana kitu," akasema. "Maharage yake yana mawe. Jana nusura nivunje jino."

"Sasa unafuata nini?"

"Nafuata watu wa kula nao."

Mama Mwiko akashusha upawa.

"Wewe unanisimamia hapo kama askari, bibie. Kila nikitafuna unanihesabia. Binti yetu alipokuwapo nilikuwa na mwenzangu mezani. Wewe ulipostaafu nikasema alhamdulillahi, sasa nitakula na mke wangu. Kumbe nimeletewa msimamizi." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Chako kiko wapi?"

"Nitakula baadaye."

"Utakula nini?"

Fundi akainuka, akaenda jikoni, akafunua sufuria mpya. Tupu, imekwanguliwa. Akarudi nayo mkononi.

"Ulipoinunua hii uliwaambia tuko wangapi?"

Mama Mwiko akamnyang'anya sufuria. Alikuwa na hasira, tena hasira nyingi, lakini hakujua tena aielekeze kwa nani. Kwa Fundi, aliyenyamaza muda wote huo badala ya kusema? Kwa shule? Aliwaza sahani zote alizojaza maishani mwake, akatafuta moja aliyowahi kuila ikiwa ya moto, ameketi, na mtu mbele yake. Hakuipata.

"Nikae wapi?" akafoka hatimaye. "Kiti umekijaza makopo yako!"

Fundi akakitazama kiti cha pili, akaona haya. Akabeba redio zile moja moja akazipanga sakafuni, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Mama Mwiko akaketi. Sahani ikawekwa katikati. Walikula polepole, wakisukumiana kipande cha mwisho cha nyama mpaka kikapoa, na wote wawili wakainuka na njaa.

Kesho yake alirudi dukani na sufuria ndani ya kikapu.

"Hii haibadilishwi, mama," binti akasema, akionyesha kwa ukucha. "Ina masizi."

"Sikuja kubadilisha. Nitaiuza mwenyewe kwa mwenye mtoto wa uji. Nataka nyingine."

Binti akacheka, akanyoosha mkono kwenye ile ya pili kutoka mwisho. "Nilikwambia. Haya, mko wangapi leo?"

"Wawili," Mama Mwiko akajibu kwa ukali, kana kwamba kuna mtu amembishia. Akaitazama sufuria ile, akatikisa kichwa, akaonyesha iliyofuata, kubwa kidogo. "Nipe ile. Mmoja wetu anakula sana."

"Mzee, eh?"

"Mimi."