Miski Iliyokubali Ngozi Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua miski kwa kunusa kifuniko cha chupa. La pili, lililozaliwa na hilo, lilikuwa kuongeza kila nilipoacha kuisikia.

Mambo ya manukato nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, chumbani kwangu Sekei. Sikuwa na mwalimu, nilikuwa na hofu tu. Nimekulia magharibi mwa Mlima Meru, kwenye boma la ng'ombe, na maziwa yetu tuliyaweka kwenye vibuyu vilivyosafishwa kwa kaa la mti wa oloirien, ambalo moshi wake hunukia hadi kwenye nguo. Nilipokuja kusoma mjini, mwenzangu mmoja wa bweni alinusa sweta yangu akasema, "Kaka, umekuja na kibuyu?" Wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo sikutoka bila kujipaka kitu cha kunukia.

Kwa hiyo mchumba wangu aliponiambia nikajitambulishe kwao Akheri, nilikuwa na wazo moja: nikubalike, wasinione mtoto wa zizini. Nikanunua miski nyeupe, ile inayonukia kama shuka iliyoanikwa juani. Ilikuwa Julai, baridi kali. Nilijipaka mafuta ya mgando kama kawaida, kisha miski shingoni. Baada ya muda sikuisikia. Nikaongeza. Kufika Tengeru nikaongeza tena. Sikujua kwamba pua huizoea miski upesi ikaacha kuisikia, huku wengine wakiisikia vizuri sana, wala kwamba baridi huilaza tu mpaka uingie penye joto.

Sebule yao ilijaa watu, madirisha yamefungwa. Niliwaamkia wakubwa wote, shikamoo baada ya shikamoo, jasho likinitoka. Mama yake akatuletea loshoro, mahindi na maziwa mgando. Shangazi yake akaonja kijiko kimoja, akaacha kutafuna.

"Wifi, loshoro ya leo umeikorogea kwenye beseni la kufulia?"

"Nyamaza wewe, mgeni anakusikia."

"Mimi ndiye ninayemsikia!"

Walicheka mpaka baba mwenye nyumba akainuka kufungua dirisha. Sikuweza kula.

Tulipokuwa tukishuka kati ya migomba, nilimwuliza mchumba wangu kama wamenikataa.

"Hawajakukataa. Mama ameuliza tu kama kuna ugonjwa unaouficha." Akacheka, kisha akaacha. "Ila na mimi sijui unanukiaje. Muda wote huu nimechumbiwa na sabuni."

Nikamweleza habari ya zizi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kipuuzi.

"Mama yangu anakamua kila alfajiri. Ulidhani tungekimbia nini?"

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote kwenye duka la manukato mjini. Mkono wa kushoto nikatia tone la miski nyeupe, wa kulia tone la miski ya kahawia, ambayo mara zote nilikuwa nimeirudisha haraka kwa sababu ilinikumbusha harufu ya ngozi ya ndama. Siku hiyo sikujipaka mafuta, yasije yakachanganyika na harufu. Tukazunguka sokoni, tukanunua mboga, jua likapanda. Mchana nikamnyooshea mikono yote miwili bila kuinusa kwanza, na hilo lilinitesa kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Kushoto alikunja uso. "Imechacha."

Kulia alinusa mara mbili. "Hii siioni kama manukato. Ni wewe, ila umetulia."

"Hiyo si inanukia zizi?"

"Inanukia mtu."

Nilitaka kubishana, maana nilikuwa nimesoma sana. Lakini pua yangu ilikuwa imenidanganya mbele ya ukoo mzima, na yake haikuwa na hofu ndani yake. Nikanunua ya kahawia.

Tuliporudi Akheri, baba yake alinichukua nyuma ya nyumba kunionyesha ng'ombe wake mwenye mimba. Tulisimama bega kwa bega muda mrefu, akiniuliza kwetu tunawalisha nini wakati wa kiangazi, nami nikimjibu. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwezi uliofuata walikubali kupokea wazee wetu.

Siku hizi natia tone moja kifuani, kwenye ngozi isiyo na mafuta, na siongezi. Bado nina wasiwasi wa mambo mengi, lakini la harufu nimemwachia mwenzangu: akisema inatosha, inatosha.