Waya wa Njano

Saluni ya Lorene Hatcher, pale chini ya nyumba yao Ohio, ilikuwa na ugonjwa mmoja: akiwasha mashine mbili za kukausha nywele kwa pamoja, umeme unakatika. Mumewe, Wendell, fundi umeme wa kuheshimika, alikuwa na jibu lile lile kila mara.

"Waya wenyewe mwembamba, Lorene. Mwisho wake ampea kumi na tano. Nikikuwekea breka ya ishirini, ile swichi ya kukata umeme waya ukizidiwa, itatulia tuli huku waya unachemka ndani ya ukuta. Unataka tuungue?"

"Basi badilisha waya."

"Nitabadilisha."

Hakubadilisha. Siku za kazi alikuwa kwenye nyumba za watu, na Jumapili alikuwa kochini akitazama mpira.

Alasiri moja alirudi akakuta mashine zote mbili zinaunguruma, na mezani sahani ina makombo matupu ya pai ya tufaha.

"Nani alikuwa hapa?"

"Garland Pruitt," Lorene alijibu bila kugeuka. "Kanitengenezea umeme."

"Na mcheshi huyo!" alidakia mteja wake, Bi Odessa, kichwa kikiwa ndani ya mashine. "Katuvunja mbavu leo."

Garland! Walijifunza ufundi pamoja, na tangu wakati huo watu humsifia yeye kwanza. Wendell akakunja uso, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la breka. Akakuta breka ya ishirini. Furaha ikampanda. Nimemkamata! Alishajiona akimwonyesha mkewe jinsi huyo mcheshi alivyotaka kuwachoma.

Akaufuata waya kwa tochi, akifungua soketi moja moja. Ulikuwa wa njano, mnene, mpya tangu kwenye breka mpaka soketi ya mwisho. Ule mweupe wa zamani ulikuwa umeviringishwa pembeni. Akarudia tena, akitafuta kosa hata dogo. Hakuliona. Angefurahi zaidi kukuta moshi.

"Kazi yake vipi?" Lorene aliuliza.

"Si mbaya."

"Si mbaya tu?"

"Nzuri." Akazima tochi. "Mbona hukuniambia unamwita?"

"Nikuambie nini tena, Wendell? Wewe nilikuambia mpaka nikachoka. Yeye nilimwambia mara moja."

Hilo lilimchoma. Jumapili iliyofuata, bila kuombwa, alianza kubomoa ukuta wa jikoni ili abadilishe nyaya za huko nako. Lorene akamletea kahawa, akasimama akitazama vumbi lilivyotapakaa.

"Unajua, mwenzio hakuchafua hivi."

Wendell akazidisha nyundo.