Mgunduzi wa Mbolea Nyeusi

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Bibi Salvina, yaani Mama Primus, mjane wa Uru na muuza mkaa wa Kiboriloni, ndiye mgunduzi wa mbolea nyeusi. Anayetangaza ni mimi, niliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili kabla chuo hakijaniacha chenyewe.

Nilirudi nyumbani mwaka tisini na nne, ruzuku ya mbolea imeondolewa, urea imekuwa kitu cha kutazama dukani na kupita. Baba akanikabidhi miche sitini ya kahawa. Ikishika, nibaki kihambani, shamba letu la nyumbani. Ikifa, nikabebe magunia ya mjomba Theodory sokoni. Kwa mgongo huu uliozoea kiti cha maktaba, hiyo ilikuwa hukumu ya kunyongwa.

Sasa, kahawa ya Mama Primus, ng'ambo ya mfereji, ilikuwa ya kijani cha kukera. Nikamchungulia. Nikamwona anamwaga chenga za mkaa shambani. Kwa msomi hilo lilitosha. Kuuliza ni kazi ya wasiosoma. Nilinunua magunia matatu ya chenga, nikafukia penye kila shina, kisha nikamhutubia baba kuhusu kaboni mpaka akasinzia.

Wiki ya tano miche yote ilikuwa ya njano kama ndizi mbivu. Baba akaanza kuniletea salamu za mjomba.

Nikachuma jani la isale, lile tunaloshika tukienda kuomba radhi, ambalo Mchagga halikatai hata akiwa amefura kwa hasira, nikampelekea Mama Primus. Nikakiri kwamba nilichungulia, nikaiba maarifa yake, tena nikaiba vibaya.

Alilipokea, akauliza mkaa wangu ulilala wapi kabla ya kwenda shambani.

"Kwenye gunia, mama."

"Wangu unalala chini ya ng'ombe miezi miwili, unakunywa mkojo mpaka unashiba. Wako ulikwenda na njaa, msomi. Ndio uliokula chakula cha miche."

Kumbe ni naitrojeni, ile ile iliyoniangusha kwenye mtihani.

Akanipa madebe kumi ya mkaa ulioshiba. Mvua za vuli zilipokolea, miche arobaini na tatu ilikuwa imerudi kijani, na mjomba akatafuta mgongo mwingine. Nikaenda kwa Mama Primus na daftari jipya, nikamwomba aeleze, kwa faida ya vizazi vijavyo, ugunduzi huu ulimjiaje.

Aliendelea kukata majani ya ng'ombe.

"Ng'ombe alikuwa ananuka, na chenga zinameza harufu," akasema. "Na tunalala naye nyumba moja."