Mke Mwenza wa Kioo

Mtaani walimwita Fundi Picha, na yeye aliona jina hilo halimtoshi. Wapiga picha wengine, kwake, walikuwa wabonyezaji tu. Yeye alikuwa na lenzi.

Aliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya jeshi: dude la kioo na chuma, zito kama ndoo ya maji, lililong'olewa kwenye ndege ya zamani ya kivita, ambako kazi yake ilikuwa kupiga picha za ardhi kutoka angani. Aliijengea kamera ya mbao yenye ukubwa wa kabati la vyombo, na filamu zake zilikuwa pana kama sinia. Lenzi haikuwa na kitu cha kuufungia mwanga, kwa hiyo alitumia kofia yake ya kichwani: anaiondoa kwenye kioo, anahesabu kimoyomoyo, anairudisha. Picha zake za milima na majengo zilikuwa za ajabu, tusimnyime haki yake. Ungeweza kuhesabu vigae vya paa lililoko ng'ambo ya bonde.

Mkewe, fundi cherehani, aliiita lenzi ile mke mwenza. "Mwenzangu ameamkaje?" alimuuliza kila asubuhi, akimkuta anaifuta kwa kitambaa laini ambacho yeye alikatazwa hata kukigusa. Alikuwa akicheka anapouliza. Baadaye akaacha kucheka, na mume, huyo mwenye macho makali, hakuona tofauti.

Kila mkewe alipoomba apigwe picha, jibu lilikuwa lilelile. "Subiri kwanza, bibie. Hii ilitengenezwa kutazama mbali."

Hakuwa anadanganya. Kwa mtu aliyekaa karibu, lenzi ile ilishika kipande chembamba tu. Jicho likitoka safi, sikio limeshapotea. Lakini miaka yote ile, bwana! Hata kujaribu?

Kisha mama wa watu akaugua tumbo, akakonda, na daktari akawaambia waziwazi kwamba dawa zimefika mwisho. Siku moja alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, akajikongoja hadi studio, akaketi kwenye kigoda.

"Leo unanipiga, mwenzangu atake asitake."

Fundi aliingia chini ya kitambaa cheusi, akalenga jicho la kushoto la mkewe, akatia filamu. "Usisogee. Usipumue." Alipoondoa kofia, maumivu yakambana mkewe, akarudi nyuma kidogo tu.

Filamu iliposafishwa, kifungo cha juu cha gauni kilionekana hadi uzi wake. Uso ulikuwa ukungu mtupu.

Sasa, Fundi alikuwa na sheria yake: picha isiyo kali hailali nyumbani kwake. Aliitumbukiza kwenye maji ya moto yenye dawa ya madoa, kama zote zilizoharibika, akaisugua mpaka ikabaki plastiki tupu.

"Imetokaje?" mkewe alimuuliza kitandani.

"Ulisogea. Tutarudia ukipata nafuu."

"Nioneshe hivyohivyo."

"Nimeshaifuta."

"Ungeniachia hata hicho kidogo," mkewe alisema, akageukia ukutani. Hawakuizungumzia tena.

Nafuu haikuja. Siku ya mazishi ikatakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza, na watu wote wakamgeukia nani? Fundi Picha. Akafungua kabati lake: mabonde, minara, mabwawa, madaraja. Mdogo wa marehemu alisubiri mlangoni, kisha akachoka kusubiri. Alikuwa na picha kwenye simu yake, ya kundi zima harusini. Akamkata dada yake humo, akaikuza, akaenda kuichapisha. Ilitoka na chengachenga, pembeni kuna bega la mtu.

"Haionekani vizuri hiyo," Fundi alisema, kwa mazoea.

"Shemeji," mdogo wa marehemu alimjibu, "sisi tunamwona."

Akaichukua, akaenda kuiweka juu ya jeneza. Fundi akabaki mbele ya kabati, anatoa jengo moja baada ya jingine, huku akijua fika kwamba mkewe hayumo.