Nilinunua bunduki ya kumngoja mwizi, nikamtoboa jicho mama mkwe

Kosa ni langu. Naliweka hapa juu kabisa, maana mimi nikipewa nafasi ya kuzunguka nitazunguka mpaka Tanga na kurudi. Nilimpiga mama wa mke wangu kwa bunduki, mchana kweupe, jikoni kwangu, na jicho lake la kulia halipo tena.

Jina langu sitaji. Nakaa Ilford, nimezaliwa Tanga, mke wangu ni Mpemba aliyekulia hapa hapa Landani. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, kwa hiyo watu wakienda kazini mimi napanda kitandani. Na nikilala nalala kweli. Ungepitisha treni sebuleni ningeuliza kesho yake nani kasogeza kochi.

Basi siku moja waliingia. Si treni, watu wawili. Jumanne, saa saba mchana, walivunja mlango wa nyuma kwa mtarimbo wakamkuta mke wangu anaosha mchele. Mmoja alimziba mdomo, wa pili akavuta bangili. Ya mwisho ilikataa kupita, akaulaza mkono wake kwenye ukingo wa sinki akaupiga kwa ule mtarimbo. Hereni hawakuhangaika kuifungua. Waliivuta tu, ndewe ikachanika.

Mimi nilikuwa ghorofani, chumbani, juu ya jiko lile lile, nakoroma.

Aliyeniamsha ni jirani, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, amesikia vishindo akaja mbio na kandambili. "Wewe! Amka wewe! Bibi yako iko kufa huku chini, wewe iko lala kama maharusi."

Mke wangu hakunilaumu. Kwenye gari la wagonjwa, mkono umefungwa, sikio linavuja, aliniambia neno moja tu: "Nilikuita."

Ndugu yangu, neno hilo lilinikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Wiki nzima sikula, au tuseme nilikula kidogo, ambayo kwangu mimi ni sahani mbili. Nikaamua nitanunua bunduki.

Nilimwendea rafiki yangu anayekaa Kilburn. Huyu ni dereva wa basi, zamani kule nyumbani alipitia mgambo, na kati yetu ndiye pekee aliyewahi kushika silaha isiyokuwa ya plastiki.

"Nataka rifle," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya nyumbani. Ya kumlinda mke wangu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Bwana wewe, hapa si Marekani. Nenda polisi kawaambie unataka rifle ya kulinda nyumba. Watakunyima rifle na jina lako wataliandika. Kwao hiyo si sababu. Mkulima sawa. Mlenga shabaha wa klabu sawa. Wewe utasema unalenga nini, wale vikongwe wako?"

"Nitasema mkulima. Nina mchicha kwenye ndoo."

"Sikiliza. Ipo ya upepo, ile yenye nguvu ndogo haitaki kibali. Lakini hiyo ni ya panya na makopo. Usijidanganye nayo. Nunua komeo. Nunua taa. Nunua mbwa."

"Mbwa mke wangu hataki."

"Basi makomeo mawili."

Angekuwa anasema na ukuta ungemsikia. Mimi nilirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: ya upepo.

Wiki tatu nilisoma habari za bunduki zaidi kuliko nilivyosomea cheti changu cha masomo ya jioni, na cheti kile nilikipata kwa alama nzuri, muulize yeyote. Kule darasani tulifundishwa kwamba ukitaka kuchagua kitu, chora jedwali. Nikachora. Ya springi, unaikunja kila unapotaka kupiga, risasi moja moja. Ya gesi, inapiga mfululizo lakini baridi ikizidi inalegea. Ya hewa ya kujaza, sahihi sana, ila inataka pampu na pampu inataka mtu mwenye mgongo. Urefu wa mtutu, uzito, kelele. Nilifanya mazoezi kwenye ngazi zetu kwa mpini wa fagio kuona kama ncha itagonga ukuta kwenye kona.

Rafiki yangu akaniuliza kwa simu, "Darubini ya nini? Jikoni kwako kuna hatua nne."

"Ya heshima," nikamjibu.

Jedwali langu lilikuwa na safu tisa. Safu ya watu wanaoingia nyumbani kwangu haikuwemo.

Duka la kwanza mzee muuzaji aliniuliza naitakia nini. Nikasema wezi. Aliichukua bunduki mikononi mwangu taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akasema mteja wa namna hiyo hamuuzii. Duka la pili nilikuwa nimeshaerevuka. "Makopo," nikasema, "bustanini." Bustani yetu ni mkeka mmoja na nusu. Nikauziwa, ya springi, na darubini yake.

Mke wangu aliiona kitandani. "Hiyo nini?"

"Usalama."

"Wa nani?"

"Wako, mke wangu."

"Mimi sikuagiza. Kitoe hicho chuma humu ndani."

"Kitatoka wakishakamatwa."

Akageuka akashuka jikoni. Nikakisukuma chini ya kitanda kimeshajazwa. Halafu, kwa sababu mdomo wangu hauna komeo hata moja, nikaingia kwenye kundi letu la simu la watu wa Tanga nikarekodi ujumbe: "Wallahi atakayeingia tena nitamtoboatoboa awe kifumbu, mama yake amchukue akachujie nazi." Wenzangu wakacheka. Nikarekodi mwengine, mkali zaidi. Niliutuma nikiwa kwenye basi, nakula karanga.

Sasa nikwambie habari ya mama mkwe.

Alikuwa anakaa mtaa wa pili. Baada ya mwanawe kuvunjwa mkono alianza kuja kutupikia. Lakini mama huyu ana haya za Kipemba za zamani. Miaka yote niliyomuoa mwanawe hajawahi kula mbele yangu. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Tukiwa tumekaa watatu sebuleni, atamwambia mwanawe, "Mwambie mumeo chai imeiva," na mimi niko hapo, nimeshaisikia chai. Na mimi namjibu kwa njia hiyo hiyo, "Mwambie mama nashukuru." Kwa sheria ya dini mimi ni kama mwanawe, sawa, lakini haya zake haziombi ruhusa kwa sheria. Mimi nilikuwa napenda. Niliona naheshimiwa kama sultani.

Kwa hiyo walipanga na mwanawe: aje siku ambazo mimi sipo. Alipewa ufunguo wa mlango wa nyuma, mimi sina habari. Alhamisi ilikuwa mojawapo, maana kila Alhamisi nilikuwa na mafunzo ya kazini mchana kutwa.

Alhamisi ile mafunzo yaliahirishwa. Nilirudi nyumbani, mke wangu ameshakwenda hospitali kutazamwa mkono, nikapanda kulala. Sikumpigia simu. Niliona ya nini kumsumbua mtu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alikuja amelowa chapachapa, akafungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, akavua buibui na gauni akavitandaza juu ya redieta, lile bomba la kupashia nyumba joto, vikauke. Akajifunga kanga moja kifuani, akaanza mapishi. Nyumba anaijua haina mtu.

Tangu siku ya wezi nilikuwa silali tena kama zamani. Niliusikia mlango. Nilisikia mtu anafungua kabati chini, taratibu, kama anayetafuta kitu. Mkono wangu ulishaingia chini ya kitanda kabla akili haijavaa viatu.

Nilishuka na bunduki begani. Ngazi ya nne ikalia. Kule jikoni kukawa kimya.

Nikaita kwa Kiingereza, nani huyo. Kwa Kiingereza, kwa sababu wezi wa kichwani mwangu walikuwa wanasema Kiingereza. Hakuna jibu. Nikaita tena, toka nje, nina bunduki. Hakuna jibu.

Alikuwa ameitambua sauti yangu. Mwanamke mzima, na kanga moja, mkwe wake yuko ngazini anateremka. Angeitikia vipi? Alifanya ambalo mama yake angefanya na bibi yake angefanya. Alijificha nyuma ya mlango wa jikoni, pale tunapotundika makoti, akangoja nipite.

Mimi niliona mlango unatikisika. Halafu mkono ukatokea, taratibu, ukashika nguo nyeusi pale kwenye redieta, na kichwa kikafuata kidogo.

Nikafyatua.

Hakupiga kelele. Baadaye niliambiwa aliuma ile nguo. Mimi niliona tu mtu ameinama, buibui limemfunika kichwani, anayumba kuelekea mlango wa nyuma, anagonga kiti, anagonga meza. Nikasema huyu anakimbia. Bunduki yangu ni ya risasi moja moja, jedwali lilisema. Nikaigeuza nikamshukia kwa kitako. Pigo la kwanza begani. La pili hapo hapo, nilisikia mfupa umevunjika, na nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi. La tatu lilimpata mbavuni, akaanguka juu ya sufuria la nazi, na buibui likamtoka kichwani.

Tui lilikuwa sakafuni, na damu inaingia ndani yake.

Alikuwa ameuweka mkono kwenye jicho, damu inapita katikati ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Ule mkono mwengine, wenye bega lililovunjika, ulikuwa unaivuta kanga. Akasema, "Usinitazame, baba. Sijavaa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mwenyewe, bila kupitia kwa mwanawe.

Nilivua shati nikamfunika. Nilipiga kelele mpaka yule mama wa Kisumu akaja. Safari hii hakunitukana. Alipiga magoti kwenye lile tui akamshika mama kichwa, akaniambia, "Piga simu. Sema bunduki. Usidanganye."

Nikasema bunduki. Landani ukisema bunduki kwenye simu hawaji polisi wawili. Nililazwa kifudifudi kwenye lami, mvua inaninyea, nina kikoi tu, watu wameninyooshea rifle za kweli, zile nilizokuwa nazitamani. Mama kwenye machela anamwambia mwanawe, aliyefika anahema, "Waambie nimeanguka. Waambie mumeo hakuwepo."

Madaktari waliitoa ile risasi, ndogo kama punje ya choroko. Jicho hawakuliokoa.

Mahakamani wakili wangu alisema nilikuwa najilinda, nimechanganyikiwa, mke wangu alishapigwa. Wakasikiliza vizuri. Kisha wakafungua simu yangu. Mkalimani, binti mpole mwenye miwani, akasoma ujumbe wangu mmoja baada ya mwengine kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Jaji aliuliza kifumbu ni nini. Binti akaeleza: ni kitu cha ukili, kina matundu, tunachujia nazi. Katika ukumbi ule hakuna aliyecheka. Mimi niliyezoea kuwachekesha watu nilitazama sakafu. Nilikuwa nimesema nitafanya, na nimefanya.

Nilifungwa. Mke wangu alikuja kunitazama mara moja tu. Alikaa mbele yangu, mkono wake umepona umepinda kidogo, akasema, "Mimi nilikuita, hukuja. Mama hakukuita, ukaja."

Kisha akaondoka.

Nimetoka sasa. Kazi ya kuwahudumia wazee siwezi kupata tena, na sidai. Mke wangu anakaa kwa mama yake. Talaka hajaidai, kurudi hajarudi. Jumapili ananiruhusu niende nikae sebuleni saa moja. Mama aliniambia kwa mdomo wake kwamba amenisamehe, na nadhani ni kweli, maana huwa ananipikia.

Lakini sikiliza jambo hili. Mama yule aliyekuwa haniitikii hata salamu, sasa nikiwa nyumbani kwake hanyamazi. Akiinuka kitini utamsikia, "Ni mimi, mama, nainuka." Akitoka chumbani, "Ni mimi, nakuja ukumbini." Akinipita nyuma kufuata maji, "Ni mimi huyu, napita, baba, ni mimi." Nyumbani kwake mwenyewe. Hajui kama anafanya. Mwanawe alimwambia mara moja, mama, tumeshakujua, akashangaa, akasema kwani nimesema nini?

Ninakunywa ile chai. Inashuka kama mchanga.

Wewe unayesoma hapa, na ukurasa mwengine wa simu yako una picha za bunduki unazozilinganisha, ufunge. Kama umeshainunua, itoe leo, usingoje Ijumaa. Weka komeo, weka taa, lala kwa zamu na mwenzio ikibidi. Na kabla hujapanga utampiga nani, waketishe watu wako uwaulize nani ana ufunguo wa nyumba hii, nani anakuja siku gani, na nani kati yenu ni mtu ambaye hata nikimwita hawezi kuniitikia.

Mimi sikuuliza.