Kuku wa Saa Mbili na Nusu

Mimi ni mpima ardhi, na mpima ardhi akikuambia kutoka hapa hadi pale ni saa tatu, amini. Kwa hiyo nilipokata tiketi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba kikazi, nikaona ndege itanishusha Mwanza saa moja asubuhi na nyingine haitanichukua mpaka saa kumi na moja jioni, sikununa. Wengine hushinda pale wakichaji simu na kusinzia. Mimi nilipiga hesabu: saa tatu kwenda Bariadi, saa tatu kurudi, nusu saa ya kushuka na kutafuta gari, niwe uwanjani saa kumi. Zilibaki saa mbili na nusu za kukaa na mama yangu.

Na sikuwa naenda kusalimia tu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa mwaka mzima alikuwa anakataa upasuaji. Mdogo wangu anayeishi Mwanza alimpangia siku ya hospitali mara mbili, na mara zote mbili mama hakutokea. Kwenye simu alikuwa na jibu moja: kuna mama wa kijiji cha Shishiyu alikwenda mjini kutibiwa jicho, akarudi na fimbo. Majirani walininong'oneza kwamba siku hizi anawajua watu kwa sauti. Nimewahi kupatanisha ndugu waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikajiambia, mama mmoja atanishinda?

Dereva niliyempata uwanjani alikuwa mtu mzima wa Magu, asiyependa maneno mengi. Tulipita kwao, tulipofika Lamadi tukakata kulia, na saa nne na nusu kasoro dakika tano tukaingia uani kwa mama. Magunia ya pamba yalikuwa yamejaa barazani. Nilimwonyesha dereva saa yangu kwa majivuno.

"Mwangaluka, mayu," nikasema, goti chini.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, maana kwetu Usukumani mama na binti huitana mayu wote wawili. Akaniuliza habari za mume wangu, watoto mmoja mmoja, kazi, mvua ya Dar, kisha akahamia kwa dereva na ukoo wake. Salamu zilichukua dakika ishirini. Zilipokwisha akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kuku kwapani.

"Huyu ndiye wako," akasema, akanipa nimshike.

Hapo nikajua hesabu yangu ina kasoro. Kwa mama yangu mgeni huonyeshwa kuku akiwa hai, ajue kachinjiwa yeye na hakuletewa kiporo. Nilikuwa nimemwambia asihangaike na chakula, naye akaitikia "sawa". Nimekaa mjini mpaka nimesahau kwamba sawa ile ni adabu, si makubaliano.

"Mayu, nina saa mbili tu."

"Na kuku ana saa zake."

"Basi nimnyonyoe mimi."

"Mgeni hanyonyoi kuku wake. Kaa."

Nikakaa. Alitembea uani bila kujikwaa, akifika kwenye kuni, kwenye mtungi, kwenye kinu, kila kitu mahali pake. Lakini kuku alimnyonyoa kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza juu. Kila nilipoanza habari ya macho aliniuliza habari ya wajukuu. Mwishowe akasema macho yake ni mazima, ni jua tu la siku hizi. Nilikasirika. Nikamwambia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba jua halimfanyi mtu amwage chumvi nje ya sufuria. Akaongeza kuni.

Kuku wa kienyeji hana haraka na mtu. Saa saba ilifika nyama ikiwa bado ngumu, na dereva akakohoa mlangoni. "Dada, saa."

Nilisimama kuaga, nimeshindwa.

"Huondoki hujala," mama akasema.

"Ndege haisubiri, mayu."

Akafikiri kidogo. Kisha akaifunga sufuria kwa kitenge, akaweka michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye bakuli, akavaa viatu vyake vya kanisani na kufunga mlango. "Basi nitakusindikiza."

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, ukimpenda sana mpaka stendi. Njia panda ikapita. Stendi ikapita. Mama alikaa nyuma na sufuria mapajani, na nilipofungua mdomo dereva aliniangalia akatikisa kichwa. Nikaufunga.

Baada ya Lamadi tulisimama tukala garini kwa mikono. Nyama ilikuwa imejimalizia kuiva kwa joto lake, na mchuzi ulikuwa mtamu kweli. Ila paja nililopewa lilikuwa na manyoya. Nikamtazama dereva, naye alikuwa anatoa unyoya mdomoni taratibu na kuutupa dirishani.

"Mtamu?" mama akauliza.

"Mtamu sana, mayu."

"Wabeja," dereva akashukuru kwa Kisukuma, akaomba na shingo.

Tulifika uwanjani saa kumi na dakika chache. Ndege ilikuwa inashuka kutoka upande wa ziwa na watu waliosimama nje waliinyooshea vidole. Mama hakuwahi kuwa karibu na ndege. Akainua uso.

"Iko wapi?"

"Ile pale, mayu, juu ya ziwa."

Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Mlio ukapita, ukashuka, ukazimika. Niliumia sana kumwona akitafuta angani kitu kikubwa namna ile.

"Nimeisikia tu," akasema. Akaipangusa sufuria kwa kitenge, ndani na nje. "Hiyo hospitali ya mdogo wako, iko mbali na hapa?"

Dereva alimpeleka kwa mdogo wangu. Mimi nikapanda ndege ya Bukoba, vidole bado vinanukia mchuzi. Alifanyiwa jicho la kwanza, na baadaye la pili, na akarudi Bariadi bila fimbo.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia simu.

"Leo nimepata mgeni, nimemchinjia kuku," akasema. "Nimemnyonyoa huku namtazama." "Yule wako wa siku ile. Alikuwa na manyoya?"

"Hakuwa nayo, mayu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Muongo wewe," akasema. "Na yule dereva naye, eti wabeja. Njooni wote wawili."